Filta nyekundu imekula vivuli vyangu: nimekosea wapi?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Nimeanza kupiga picha za nyeusi na nyeupe kwa filamu ya ISO 400 (namba ya wepesi wa filamu kuhisi mwanga). Nilinunua filta tatu kwa mpigo: ya njano, ya chungwa na nyekundu. Kwenye roli ya kwanza filta nyekundu ilinipa anga jeusi lililonifurahisha sana, lakini vivulini hamna kitu kabisa, na negativu zenyewe ni nyembamba. Siku nyingine nikafunga filta hiyohiyo, anga likatoka jeupe kama vile sikufunga chochote. Kamera yangu inapima mwanga kupitia lenzi, kwa hiyo nilidhani hesabu inajifanya yenyewe. Nimekosea wapi? Na kama ningebaki na filta moja tu, ibaki ipi?"

Ndugu yangu, nianze na lililokuuma zaidi, yaani negativu nyembamba, zilizopokea mwanga kidogo mno. Kamera yako imekudanganya, tena kwa nia njema. Lakini ili uone imekudanganyia wapi, itabidi kwanza tuelewane kuhusu kazi ya filta, maana wengi wetu tuliisoma kichwa chini miguu juu.

Husemwa kwamba filta nyekundu "hutia weusi angani". Haitii kitu chochote. Filta ni bawabu. Hii nyekundu inaruhusu mwanga mwekundu upite, na ule wa kijani na wa buluu inaubakiza nje. Anga la buluu likifika kwenye mlango huo, sehemu kubwa ya mwanga wake hairuhusiwi kuingia, na filamu inapokea kidogo mno kutoka upande ule. Mahali pasipopokea mwanga, negativu hubaki wazi. Na palipo wazi kwenye negativu ndipo palipo peusi kwenye picha. Wingu ni jeupe, maana yake lina rangi zote ndani yake. Linapoteza kijani na buluu yake mlangoni, lakini wekundu wake unapita, na ukishaongeza mwangaza wa kufidia, wingu linarudi kuwa jeupe kama lilivyokuwa. Ndiyo maana unaona mawingu yanachomoza mbele: yenyewe hayajang'aa zaidi, bali anga la nyuma yake limeshushwa.

Kwa hiyo filta hung'arisha rangi yake na jamaa zake, na hufifisha ile iliyo mkabala nayo kwenye gurudumu la rangi. Hilo utalikuta kila mahali. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba neno "hung'arisha" ni la kulinganisha tu. Ua jekundu halipati hata chembe ya mwanga wa ziada kupitia kioo chekundu. Limenyang'anywa kidogo kuliko majirani zake, basi.

Jaribu kufikiria tunda jekundu lililoiva katikati ya majani ya kijani. Kwa jicho ni vitu viwili ambavyo mtoto hawezi kuvichanganya. Kwenye filamu, vyote viwili vinaweza kuangukia kijivu kilekile na tunda likapotea mtini. Ukifunga filta nyekundu, tunda linakuwa jeupe na majani yanakuwa meusi. Ukifunga ya kijani, majani yanapauka na tunda linazama kwenye weusi. Mti ni uleule, na hakuna picha kati ya hizo mbili iliyo ya kweli kuliko mwenzake. Wewe ndiye unayeamua rangi zitafsiriwe vipi, na uamuzi huo lazima uufanye kabla ya kufyatua, kwa sababu filamu ya nyeusi na nyeupe ikishapigwa haikumbuki tena kilichokuwa chekundu na kilichokuwa cha kijani.

Nitoke nje ya njia kidogo, maana hapa ndipo chanzo cha hitaji lote hili. Filamu si jicho. Madini ya fedha ndani yake, kwa asili, yanaona buluu na urujuani tu. Picha za karne ya 19 zina anga tupu jeupe kwa sababu hiyo: buluu ya mbinguni ilikuwa inaliunguza bamba (kioo kilichopakwa dawa, kilichotumika kabla ya filamu) kabla ardhi haijapata mwanga wa kutosha. Gustave Le Gray wa Ufaransa, alipopiga bahari katika miaka ya 1850, kwa baadhi ya picha zake alipiga bahari kwenye negativu moja na mawingu kwenye nyingine, kisha akaziunganisha wakati wa kuchapa. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba ukitia rangi fulani za kikemia kwenye bamba, linaanza kuona kijani. Mwaka 1906 kampuni ya Wratten & Wainwright ya Croydon, Uingereza, ikaanza kuuza mabamba ya panikromatiki, yaani yanayoona rangi zote, na filta za hawahawa ndizo zilizozaa namba tunazozitumia mpaka leo: 8 kwa njano, 15 kwa njano iliyokolea, 21 kwa chungwa, 25 kwa nyekundu, 29 kwa nyekundu nzito, 11 kwa njano-kijani. Filamu yako ya leo ni mjukuu wa mabamba yale. Inaona rangi zote, lakini mapenzi ya ukoo kwa buluu hayajaisha. Filta ya njano kwa kweli ilizaliwa ili kurekebisha upendeleo huo, anga litoke kwenye picha kama jicho linavyoliona. Mambo ya kutisha watu kwa anga jeusi yalikuja baadaye.

Sasa tuje kwenye anga lako lililokataa kubadilika. Naweza kukuambia hali ya hewa ya siku ile bila kuwepo: ama lilikuwa limetanda wingu, ama ulielekeza kamera upande wa jua, ama anga lote kwenye fremu lilikuwa lile la karibu na upeo. Filta haiwezi kuzuia rangi ambayo haipo. Anga lililotanda ni jeupe, na ukilipitisha kwenye kioo chekundu, cha kijani au cha njano, linashuka sawasawa na vitu vingine, kisha nyongeza ya mwangaza inalirudisha lilipokuwa. Hapo umepoteza stopu tatu bure (stopu ni hatua ya kuongeza au kupunguza mwanga). Hata siku ya jua kali anga si moja. Kuzunguka jua ni jeupe. Karibu na upeo limejaa vumbi na mvuke, limepauka. Buluu yenyewe ya kufanyia kazi iko juu zaidi na upande ulio pembe mraba na jua, na baada ya mvua, hewa ikiwa imeoshwa, huwa imekolea zaidi. Ukiwa na lenzi pana utaona anga limekolea upande mmoja na kupauka upande wa pili kwenye fremu ileile. Huo si ubovu wa filta. Ndivyo anga lilivyo, isipokuwa jicho limezoea kutulainishia.

Hapohapo kuna mkanganyiko wa ukungu. Milima ya mbali huonekana ya buluu kwa sababu chembe ndogo sana za hewa hutawanya buluu kuliko nyekundu; utando huo filta ya chungwa au nyekundu huukata vizuri na milima ikajitokeza. Ukungu wa matone ya maji ni kitu kingine. Matone ni makubwa, yanatawanya rangi zote sawa, ni meupe, na hakuna filta ya rangi itakayokupenyeza humo. Na kama unaupenda ule utando wa mbali, kwamba kila safu ya milima inapauka kuliko iliyo mbele yake, basi filta nyekundu ni adui yako. Funga ya buluu, uone milima inavyoelea. Ni moja ya kazi chache za filta ya buluu ambazo ningezitetea.

Turudi kwenye kipimo cha kamera.

Filta ya namba 25 ina kigezo cha 8 kwa mwanga wa mchana, maana yake filamu inahitaji mwanga mara nane ili irudi ilipokuwa. Kila stopu ni mara mbili, kwa hiyo 8 ni stopu tatu. Namba 29 ni 16, stopu nne. Namba 8 ya njano ni 2, stopu moja. Namba 11 ni 4. Za chungwa huwa kwenye 4 au zaidi kidogo kutegemea mtengenezaji. Kigezo mara nyingi kimechongwa kwenye ukingo wa filta, na hicho ndicho cha kuamini kuliko jina, maana "nyekundu" ya kampuni hii si "nyekundu" ya kampuni ile.

Ukasema: kamera inapima kupitia lenzi, filta iko mbele ya lenzi, basi punguzo limeshaonekana. Ni hoja nzuri. Kwa njano inakaribia kuwa kweli. Kwa chungwa inaanza kuyumba. Kwa nyekundu inaanguka, kwa sababu seli inayopima mwanga na filamu inayopokea mwanga hazina macho ya aina moja. Filta ya 25 inaanza kufungua mlango karibu na nanomita 600 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga; namba ikipanda, tunaingia zaidi kwenye wekundu). Filamu nyingi za panikromatiki huanza kupofuka karibu na 650. Tazama dirisha lilivyo jembamba: filamu yako inachungulia kwenye ufa. Seli ya kamera nayo inaendelea kuona vizuri kupita hapo, na kamera nyingine seli zake zinaona mpaka kwenye infraredi isiyoonekana na binadamu. Seli inasema "mwanga upo wa kutosha" huku ikihesabu mwanga ambao filamu haitausikia. Matokeo yake ndiyo hizo negativu zako nyembamba. Mara nyingi kasoro hii ni stopu moja hivi. Kamera nyingine ni nusu, nyingine ni zaidi.

Na kama kwenye fremu kulikuwa na nyasi au miti mingi, mambo yalizidi. Majani mabichi hurudisha infraredi kwa wingi wa ajabu. Kwa seli yenye kuona huko, mti ni taa. Kwa filamu yako iliyo nyuma ya kioo chekundu, mti huohuo ni giza. (Zipo filamu zilizotengenezwa zione mbali zaidi kwenye wekundu, Ilford SFX 200 kwa mfano, na kwa hizo majani huanza kung'aa chini ya filta nyekundu nzito. Ila hiyo ni habari nyingine, na wewe hukuwa nayo.)

Lakini hata ungepima bila kosa, bado vivuli vingekuangusha, na hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Simama nje siku ya jua, utazame kivuli cha ukuta kilichoanguka chini. Kitu gani kinakimulika? Si jua, maana ukuta umelizuia. Kinamulikwa na anga, na anga ni la buluu. Kivuli cha nje chini ya anga safi kimejaa mwanga wa buluu, ingawa ubongo hukataa kukuonyesha hivyo. Kwa hiyo filta inayoshusha anga inashusha pia kila kinachomulikwa na anga. Penye jua filta nyekundu inachukua stopu tatu. Penye kivuli inachukua zaidi ya hizo. Ulipoongeza tatu, sehemu za jua zilirudi mahali pake na vivuli vikabaki chini, na vivuli vya filamu vikishakuwa tupu hakuna dawa ya kuvifufua, si kwa kusafisha filamu muda mrefu zaidi wala kwa kuskani.

Unganisha hayo mawili, kipimo kilichopunja stopu moja na vivuli vilivyopunjwa na rangi ya mwanga wao, ndiyo roli yako ya kwanza hiyo.

Ninavyofanya mimi: nikifunga nyekundu sipimi kupitia kioo. Napima bila filta, nikielekeza kamera kwenye sehemu yenye mchanganyiko wa kawaida, kisha nafunga filta na kuongeza stopu tatu kwa mkono. Kama kuna kivuli ninachokihitaji, nne. Kwa wenye kipima mwanga cha mkononi ni rahisi zaidi: unagawa ISO kwa kigezo. Filamu ya 400 yenye filta ya 8 inakuwa 50, unakiwekea kipimo 50 na kusahau. Jua likiwa kali na nyuma yako, filamu ya 400 kwa kawaida inataka 1/500 ya sekunde kwa tundu la lenzi la f/16. Ukiwa na nyekundu ni 1/500 kwa f/5.6, tundu lililo wazi zaidi kwa stopu tatu. Kosa la upande wa pili nalo lipo: mtu anashusha ISO ya kamera mpaka 50, halafu anaacha kamera ipime kupitia filta ileile. Amefidia mara mbili. Habari njema ni kwamba filamu ya nyeusi na nyeupe humsamehe aliyezidisha mwangaza kuliko aliyepunguza, kwa hiyo ukilazimika kukosea, kosea upande huo.

Vigezo vilivyochongwa ni vya mwanga wa mchana. Asubuhi sana na jioni, mwanga unapokuwa mwekundu wenyewe, filta nyekundu inazuia kidogo kuliko ilivyoandikwa. Chini ya taa za nyuzi, zenye wekundu mwingi, kigezo cha 25 hushuka hadi 4 au 5, wakati filta ya buluu hupanda. Taa za LED sizitolei kanuni. Kila aina ina mchanganyiko wake.

Picha mashuhuri kuliko zote katika somo hili ni ya mpiga picha Ansel Adams, uso wa mwamba wa Half Dome kule Yosemite, Marekani, aliyoipiga tarehe 10 Aprili 1927 akiwa na miaka 25. Alikuwa amebakiwa na mabamba mawili. La kwanza alilipiga na filta ya njano, akajua papo hapo kwamba litatoa picha sahihi isiyo na lile alilolihisi akiwa pale. La mwisho akalipiga na nyekundu nzito ya 29, kwa sekunde 5 nzima, na anga likashuka karibu na weusi mtupu nyuma ya mwamba. Watu huikumbuka picha hii kwa anga. Mimi ninachokitazama ni mwamba: uko kwenye mwanga wa jua la pembeni, ni jiwe la kijivu lisilo na rangi kubwa, na kuna theluji. Yaani somo lenyewe lilikuwa na vitu ambavyo filta nyekundu haiviumizi. Angeielekeza 29 hiyohiyo kwenye msitu wenye kivuli, leo tusingekuwa tunaizungumzia.

Nadhani umeanza kuona ninakoelekea kwenye swali la filta ipi ibaki, lakini subiri tupitie nyuso za watu, maana hukuniambia unapiga nini zaidi na watu ndio wengi wetu tunaowapiga.

Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi tii au nyeupe, hurudisha nyekundu kuliko buluu. Filta ya chungwa au nyekundu huipandisha ngozi yoyote, na pamoja nayo hufuta chunusi, madoa na vimishipa vyekundu, kwa sababu vitu hivyo vinatofautiana na ngozi kwenye kijani na buluu zaidi kuliko kwenye nyekundu. Ubaya ni kwamba midomo nayo ni nyekundu. Chini ya filta ya 25 midomo inapauka mpaka inalingana na mashavu, na mtu anatoka kama sanamu ya nta. Filta ya kijani au njano-kijani hufanya kinyume: midomo inakolea, ngozi inashuka, kila alama inajitokeza. Kwa uso wa mzee uliojaa habari zake, sijaona filta nzuri kuliko namba 11. Kwa bibi harusi, iache mfukoni.

Kwa ngozi nyeusi sana nina maoni ambayo si kila mtu atakubaliana nayo. Vitabu vingi vya zamani viliandikwa na watu waliokuwa wakipiga ngozi nyeupe, wakapendekeza kijani ili "kuipa ngozi uzito". Ngozi nyeusi ina uzito tayari. Ukiishusha zaidi kwa kijani huku ukipima ovyo, unapoteza maumbo ya uso upande wa kivuli, na ndiyo hasara ileile uliyoipata kwenye mandhari. Mimi huwa naanza na chungwa: inainua uso, inautenga na majani au anga la nyuma, na midomo inabaki na umbo lake. Nikitaka ule weusi mzito unaong'aa, ambapo mwanga wa pembeni unachora tu mfupa wa shavu na paji, ndipo naifunga ya kijani, na hapo napima usoni penyewe, si kwenye fremu nzima.

Nguo pia zitakushtua. Kitambaa chenye maua mekundu juu ya nyeupe, ukikipiga na filta nyekundu, maua yanapotea. Shati la buluu linakuwa jeusi. Kabla ya kufunga filta yoyote mbele ya mtu, mtazame kwanza amevaa nini.

Basi filta moja. Kama wewe ni wa kutembea na kamera mkononi ukipiga chochote kinachotokea, ibaki ya njano, namba 8. Inakula stopu moja tu, haijawahi kuharibu picha ya mtu, na anga linapata umbo bila kupiga kelele. Kwa filamu kadhaa za kisasa, hasa T-Max za Kodak ambazo zina upendeleo mdogo wa buluu, athari yake ni ndogo kiasi kwamba unaweza kujiuliza kama umeifunga. Kama unapiga mandhari na majengo na una subira, ibaki ya chungwa. Huo ndio uchaguzi wangu mwenyewe. Inakupa sehemu kubwa ya lile anga unalolipenda kwenye nyekundu, vivuli vinapumua, na filamu yako ya 400 inabaki na 100 ya kufanyia kazi, kiasi ambacho mkono bado unaweza kukishika bila stendi. Nyekundu usiitupe. Iweke kwa siku ambazo somo limemulikwa na jua moja kwa moja, anga ni safi, na huna shida na vivuli vikizama.

Machache ya utendaji. Usipachike njano juu ya nyekundu ukidhani utaongeza nguvu: kila inachozuia njano, nyekundu ilishakizuia, umeongeza tu nyuso mbili za kioo za kushika vumbi na kuleta mwako wa jua. Filta ya polaraizi (inayochuja mwanga kwa uelekeo wa mtetemo wake, si kwa rangi) juu ya chungwa ni jambo tofauti, kwa sababu inazuia kwa njia nyingine, na kwa pamoja zinaweza kulishusha anga kwa nguvu. Vigezo vyao unavizidisha, huvijumlishi. Kwenye kamera yenye lenzi mbili, moja ya kutazamia na moja ya kupigia, filta inakaa kwenye ya kupigia peke yake. Kwenye kamera ambayo dirisha la kutazamia liko pembeni huoni filta kabisa, na ni rahisi kuisahau siku nzima. Zipo pia zenye seli ndani ya ukingo wa lenzi, hivyo filta inaifunika na seli. Hizo zichukulie kama zinapima kupitia lenzi, pamoja na uongo wake kwenye nyekundu. Na kwenye kamera yako, kioo chekundu kinatia giza dirishani mpaka kulenga kunakuwa tabu. Lenga kwanza, funga filta, kisha hakikisha tena ukiweza, hasa ukiwa karibu na somo na tundu limefunguliwa.

Filta za mitumba ni nafuu na nyingi ni nzuri, lakini usiuziwe mbuzi kwenye gunia: ishike kwa mshazari mbele ya dirisha uangalie mikwaruzo na ukungu wa fangasi, halafu iweke juu ya karatasi nyeupe uone kama rangi imepauka upande mmoja. Nunua yenye kipenyo cha lenzi yako kubwa kuliko zote, na kwa zilizobaki tumia ringi za kupunguzia.

Kisha fanya jaribio moja, mara moja tu. Siku yenye anga la buluu na mawingu machache, jua likiwa mgongoni au ubavuni mwako, weka kamera kwenye stendi mbele ya mahali penye anga, majani, kitu chekundu, mtu mmoja na kivuli kilichokolea. Piga bila filta. Piga na njano, kisha chungwa, ukifuata kamera inavyosema. Kwa nyekundu piga fremu nne: kama kamera inavyosema, kisha stopu moja zaidi, mbili zaidi, na ya nne kwa kupima bila filta na kuongeza tatu. Andika kila fremu kwenye karatasi. Studio wakikuskania, waombe wazime marekebisho ya kujiendesha, maana mashine huvuta kila fremu ifanane na mwenzake na jaribio lote linapotea. Afadhali zaidi, ziweke negativu zenyewe juu ya mwanga na utazame kivuli tu: anga usilitazame bado, litakushawishi. Fremu ya kwanza ambayo kivuli chake kina kitu ndani, hata kama ni kidogo, ndiyo inayokupa namba ya kamera yako. Iandike kwenye kipande cha plasta, uibandike ndani ya kifuniko cha kijaluba cha hiyo filta nyekundu.